Barua ya wazi kwa wanaosimamia usajili na ukaguzi wa magari: daftari lenu halina nafasi ya gari la baba yangu

Kwa wakuu wa usajili na ukaguzi wa magari nchini Kenya, na kwa wote wanaoandaa kanuni mpya za ukaguzi.

KUH: KUTAMBULIWA KISHERIA KWA MAGARI YA KALE, MATENGENEZO NA MABADILIKO YAKE

Waheshimiwa,

Namba ya chasisi ya gari langu ina tarakimu 7. Iligongwa kwenye chuma katika kiwanda cha Sochaux, Ufaransa, mwaka 1965, na hadi leo inasomeka vizuri ukiinua boneti na kupitisha juu yake kitambaa chenye mafuta ya taa. Fomu ya mtandaoni niliyotakiwa kuijaza ilikuwa na nafasi 17, na haikukubali kuendelea mpaka zote zijae. Kijana aliyekuwa akinihudumia, mwenye adabu zake na aliyetaka kwa dhati kunisaidia, aliitazama skrini, akanitazama mimi, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, tutie sufuri 10 mbele, mambo yaishe." Nilimshukuru, nikamwambia, "Hapana, mwanangu," nikakusanya karatasi zangu nikarudi nyumbani Tudor, Mombasa.

Sitaji ofisi hiyo wala simlaumu kijana huyo. Alipewa fomu isiyojua kwamba mpangilio wa herufi na tarakimu 17 ulienea duniani mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwamba kila gari lililoundwa kabla ya hapo lina namba fupi zaidi, kwa urefu ambao kila kiwanda kilijiamulia. Lakini fikirini lingekuwa nini kama ningekubali. Logibuku ingebeba namba isiyokuwepo kwenye chuma chochote, na siku ambayo askari wa trafiki au mkaguzi wa bima angeinua boneti, ningekuwa mtu mwenye gari lisilolingana na kitabu chake, jambo ambalo kila mtu barabarani analifasiri kuwa ni wizi. Ningekuwa nimeandika uongo kwa mkono wangu juu ya mali halali ya marehemu baba yangu.

Mimi ni mstaafu wa kazi ya ufundi mitambo, niliyoifanya kwa miaka 31. Gari ninalolisema ni Peugeot 404, ambalo baba alilinunua mwaka 1966 kutoka kwa mtumishi wa serikali aliyekuwa akirejea kwao. Mwaka huo gari la aina hiyo lilishinda mbio za Safari, likashinda tena 1967 na 1968, na wazee wa Kibokoni na Majengo wanaozikumbuka siku zile hawahitaji kuelezwa jina hilo lilikuwa na uzito gani. Baba hakuwa mtu wa mbio. Alilitumia kubebea abiria kati ya Mombasa na Malindi, wakati Kilifi ilipokuwa bado inavukwa kwa feri, maana daraja lake lilifunguliwa 1991. Ombi langu kwenu ni moja, na yote yatakayofuata yanatoka humo: gari la kale litambuliwe katika sheria kuwa ni aina ya peke yake, yenye daftari lake na ukaguzi wake, ili mwenye nalo aweze kuueleza ukweli wote wa gari hilo bila kuadhibiwa kwa kuueleza.

Naomba kwanza mnivumilie niwaeleze jinsi gari linavyozeeka Pwani, kwa sababu kanuni nyingi ninazozisoma zinaonekana kuandikwa na watu wanaodhani kwamba gari huzeeka kwa miaka na kilomita tu. Kutu ya Mombasa huanzia ndani. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi hiyo hutua kwenye mapango ya bodi yasiyoonekana, hasa ndani ya vizingiti vya milango na kwenye maungo yaliyo chini ya sakafu. Usiku unyevu ukipanda, chumvi huvuta maji. Mchana jua likiwaka, maji hukauka na chumvi hubaki palepale ikingoja usiku mwingine. Gari la baba, kwa miaka zaidi ya ishirini, lilikanyaga maji ya bahari kila lilipopanda feri na kila liliposhuka. Na Peugeot 404 haina fremu ya chasisi iliyotengana na bodi kama ilivyo kwenye lori au Land Rover, bali bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito wote, kwa hiyo kizingiti kikioza, ni sawa na mfupa wa paja umeoza.

Mwaka 2021 nilimpelekea fundi wa bodi wa Majengo, mzee aliyepita miaka 70, na hiyo rangi nyeupe iliyokuwa ikisifiwa na kila mpita njia hata hakuitazama. Alipiga magoti, akaigeuza bisibisi, akaanza kukigonga kizingiti kwa mpini wake kuanzia mlango wa mbele kwenda nyuma, huku ameinamisha kichwa akisikiliza. Ti, ti, ti. Kisha, karibu na nguzo ya katikati, du. Akarudia. Du. "Hapa pana gazeti," akasema, na alipokwangua rangi kwa patasi lilitoka gazeti kweli, limekunjwa mara nne, juu yake fila, ule uji mzito wa kuzibia mashimo ya bodi, ya unene wa kidole, na juu ya fila msasa mzuri na rangi nzuri. Kuna fundi, miaka ya nyuma, aliyelipwa kwa kazi hiyo, nasi tukawa tunawapakia watoto humo kwenda Malindi tukiamini kwamba gari ni zima.

Mzee yule alikata chuma chote kilichooza mpaka akafika kwenye bati safi linalong'aa. Alikunja bati jipya kwa umbo la lile la zamani, akalichomelea kidogokidogo, hapa na pale, ili moto usiipinde bodi, akapaka rangi ya kuzuia kutu ndani kabla hajafunga, akamimina mafuta mazito ndani ya pango lote, na mwisho akazibua vitundu vya chini vya kutolea maji ambavyo vilikuwa vimezibwa kwa rangi. Kazi hiyo ilichukua miezi 4. Nilipiga picha kila hatua, nami ninazo zote zikiwa na tarehe. Hakuna fomu yenye nafasi ya kuzipokea. Nikilibadilisha gari hili rangi, natakiwa kuarifu. Nikilirudishia mfupa wake uliooza, jambo linaloamua kama abiria watapona au watakufa gari likigongwa ubavuni, hakuna anayeuliza, na aliyeweka gazeti na aliyeweka chuma wote wawili ni sawa mbele ya kitabu chenu.

Sasa nije kwenye injini, maana hapo ndipo daftari linapowageuza watu wema kuwa wadanganyifu. Kwa miaka mingi rejeta ya gari letu ilijazwa maji ya kisima, na mnajua kwamba maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi. Chumvi ilikula njia za maji ndani ya bloku, yaani kiwiliwili cha injini, na mwaka 2022 bloku ikapasuka. Nilipata nyingine ya aina ileile huko Voi, kutoka kwenye pikapu ya 404 iliyokuwa imekufa kichakani tangu zamani, nikaifunga baada ya kubadilisha pistoni na silivu zake. Ni injini ileile kwa kila kipimo isipokuwa namba. Nilipokwenda kuarifu, kama sheria inavyotaka, niliombwa hati ya forodha ya injini hiyo. Ni hati ya kitu kilichoingia nchini kikiwa ndani ya gari zima, nikiwa mimi bado nasoma chuoni, na mwenye gari hilo ameshafariki, na watoto wake hawajui hata kama kulikuwa na karatasi.

Watu watatu, kila mmoja kwa wakati wake, walinishauri jambo lilelile: chukua grainda, futa namba iliyopo, gonga ile ya zamani. Mmoja wao alinionyesha hata vyuma vya kugongea namba. Hawakuwa wezi. Walikuwa watu waliojifunza kwa uzoefu kwamba anayesema kweli huzungushwa mwaka mzima na anayegonga namba humaliza kwa nusu saa. Injini ni kitu kinachochakaa, kama viatu, na gari la miaka 60 lililobaki na injini yake ya kwanza ni nadra. Daftari lenye akili lingekuwa na ukurasa wa historia: injini ya kiwandani namba fulani, ilitolewa tarehe fulani kwa sababu fulani, injini iliyopo namba fulani, imetoka kwenye gari fulani, fundi aliyefunga ni fulani, na hati ya kiapo ya mwenye gari badala ya karatasi ya forodha isiyoweza kupatikana. Hapo polisi wanaotafuta injini za wizi wangekuwa na kitu cha kusoma. Kwa utaratibu wa sasa wanasoma namba zilizogongwa upya.

Yako pia magari yasiyokuwemo kabisa kwenye kompyuta. Langu ni mojawapo. Baba alifariki 1998. Mahakama ya Kadhi ilitupa hati ya mirathi, ndugu zangu waliridhia gari liwe langu, na logibuku ya karatasi ninayo, imechakaa kwenye mikunjo lakini kila neno linasomeka. Taarifa zake hazikuhamishwa kwenda kwenye mfumo mpya, na faili la awali halionekani. Mjane mmoja ninayemfahamu, huko Kisauni, alizungushwa hivyohivyo kwa gari la marehemu mumewe mpaka akachoka, akaliuza kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Lilikuwa zima. Nilifika siku mbili baadaye. Tunaomba kiwekwe kipindi maalumu, hata cha mwaka 1 tu, ambapo mwenye logibuku ya zamani ya karatasi na gari lenye namba zinazolingana nayo ataweza kufika mbele ya mkaguzi, gari likaguliwe, na taarifa ziingizwe zilivyo, kwa idadi ileile ya tarakimu zilizopo kwenye chuma.

Kuhusu mabadiliko, naandika nikijua kwamba neno hilo linawatisha, na mna haki. Magari yaliyokatwa na kuungwa ovyo yameua watu. Lakini kuna mabadiliko ambayo nyakati zimetulazimisha tuyafanye, na mengine ambayo kutoyafanya ndiyo hatari. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, na kwa ajili ya vifua na akili za watoto wetu iliondolewa kwa haki. Injini za miaka ya 1960 zilikuwa zikiitegemea risasi hiyo ikinge viti vya vali visiliwe na mapigo, kwa hiyo niliipeleka silinda hedi kwa mchonga vyuma wa Shimanzi, akaniwekea viti vya chuma kigumu zaidi. Hayo ni mabadiliko, ukitaka kuyaita hivyo. Nimeondoa dainamo nikafunga altaneta, ili taa zangu zimulike sawasawa usiku ninapokuwa kwenye foleni ya Likoni injini ikizunguka polepole. Nimeongeza taa za dharura, ambazo gari halikuja nazo.

Mikanda ya usalama ndiyo iliyonifundisha mengi zaidi. Mkanda wa sehemu tatu tunaoutumia leo ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, lakini ulichukua miaka mingi kufika kwenye magari yote, na gari letu lilikuja bila mkanda wowote. Niliamua kuifunga. Mkanda hauwi mkanda kwa kuwa umeshonwa vizuri. Unakuwa mkanda kwa kuwa boliti yake imeshika kwenye kitu kisichong'oka, kwa hiyo fundi alichomelea kipande cha chuma kinene nyuma ya bati la nguzo na chini ya sakafu ili mvutano usambae badala ya kurarua bati kama karatasi. Mkaguzi wa kwanza aliyeliona gari akasema hayo ni mabadiliko yasiyoidhinishwa, niiondoe. Mkaguzi wa pili, katika kituo kingine, alipoambiwa kwamba mikanda iliondolewa akasema gari lisilo na mikanda halipiti. Wote wawili walikuwa na kanuni mkononi. Nimeirudisha mikanda, na sitaiondoa tena, kwa sababu wajukuu wangu hupanda gari hilo.

Kinachohitajika ni kipimo kinachotofautisha. Uingereza, kwa miaka mingi, gari lililobadilishwa sana lilikuwa likihesabiwa alama: bodi au chasisi ya asili ilikuwa na alama 5, usukani, ekseli, giaboksi na mfumo wa springi kila kimoja kilikuwa na alama 2, injini ilikuwa na alama 1 tu. Jumla ilikuwa 14, na gari likifikisha 8 lilibaki na jina lake na namba yake. Kwa hesabu hiyo gari langu, pamoja na bloku yake ya Voi, lina alama 13, ilhali kwa hesabu yetu ya sasa ni gari lenye mashaka. Angalieni walivyopanga uzito: injini, ambayo sisi tunaifanya kuwa roho ya usajili, wao waliiweka chini kabisa, na bodi, ambayo sisi hatuulizi habari zake, wakaiweka juu. Kwa mtu aliyewahi kusikia sauti ya gazeti ndani ya kizingiti, mpangilio huo una maana kubwa.

Wala sisemi kwamba anayefunga injini ya dizeli ya Toyota kwenye pikapu ya 504 ni mkosaji. Pikapu hizo ziliunganishwa humu nchini hadi 2004, zimelisha familia nyingi, na mwenye nayo anayetaka iendelee kubeba mbata na mahamri yake ana haki ya kutafuta injini yenye spea. Ila gari hilo liandikwe lilivyo: bodi ya 504, injini ya aina nyingine, boriti ya mbele imekatwa au haikukatwa, breki zimeongezewa nguvu kulingana na injini mpya au la. Na lisipate hadhi ya gari la kale. Lipate hadhi ya gari lililobadilishwa, lililokaguliwa na kukubalika, ambayo nayo ni hadhi ya heshima.

Ni gari gani basi liitwe la kale? Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa 1966, linahesabu kuanzia miaka 30, na linataka gari liwe limehifadhiwa katika hali sahihi ya kihistoria na lisiwe chombo cha matumizi ya kila siku. Ujerumani nayo tangu 1997 inatoa bamba maalumu la namba kwa gari la miaka 30 ambalo mtaalamu amelikagua na kulithibitisha. Kwetu umri peke yake hautoshi, nami naomba msiufuate kiupofu. Ipo Corolla ya miaka 30 inayobeba mboga kutoka soko la Kongowea kila alfajiri, na mwenye nayo hahitaji bamba la historia, anahitaji breki. Hadhi hiyo iombwe na mwenye gari, gari likaguliwe, aonyeshe picha na risiti za matengenezo, na akubali mipaka: lisibebe abiria wa kulipa wala mizigo ya biashara.

Hapa natofautiana na baadhi ya wenzangu wenye magari kama langu, na ningependa mlijue hilo. Wao wanataka magari ya kale yasamehewe ukaguzi, na wanatoa mfano wa Uingereza, ambako tangu 2018 gari lililopita miaka 40, kama halijabadilishwa sana, halilazimiki kupelekwa ukaguzi wa kila mwaka. Mimi nasema msitusamehe. Kwa chumvi ya bahari hii, gari la kale linahitaji kukaguliwa kuliko gari lolote. Kuna rasimu ya kanuni iliyotolewa 2025 iliyopendekeza kwamba magari ya binafsi yaliyopita miaka 4 nayo yakaguliwe, na mimi siipingi hata kidogo. Ninachokiomba ni kwamba anayenikagua ajue anachokikagua.

Asitafute mahali pa kuchomeka waya wa kompyuta kwenye gari lenye kabureta ya Solex na pointi za distributa, halafu aandike kwamba gari limekataa kipimo. Asilipime moshi kwa kiwango cha gari lenye kichujio cha kisasa cha moshi kwenye ekzosi. Waingereza wanapoyapima magari haya, yale yaliyoanza kutumika kabla ya Agosti 1975 huangaliwa moshi kwa macho, na yaliyofuata hadi katikati ya 1986 huruhusiwa hewa ya kaboni monoksidi hadi asilimia 4.5, kwa sababu ndicho kiwango ambacho injini ya kabureta iliyofungwa vizuri inaweza kukifikia. Badala yake aingie chini ya gari. Agonge vizingiti. Aangalie mahali springi za mbele zinaposhikilia bodi kwa juu, kwa maana 404 ikioza hapo gurudumu hupanda mpaka kwenye boneti. Avue drami za breki aone kama mpira wa silinda ndogo unavuja, kwani breki za drami zikilowa upande mmoja huvuta gari kuelekea upande wa pili, na kwenye kona ya Makupa hiyo ni ajali. Mkaguzi wa namna hiyo akilikataa gari langu nitamshukuru.

Najua mtaniuliza watapatikana wapi. Wapo, na wengi wao wamezeeka. Yule mzee wa Majengo, pamoja na mchonga vyuma wa Shimanzi, na fundi wa kabureta aliyepo Mwembe Tayari ambaye huweka nafasi ya pointi kwa kijibamba cha milimita 0.4 na kuijua kwa kidole kabla hajapima, hawana cheti hata kimoja. Nchi yetu ina majaribio ya ufundi ya daraja la III, II na I, na siku hizi kuna utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Wapimeni watu hawa kwa njia hiyo, wawekeni kwenye jopo la kukagua magari ya kale hapa Pwani pamoja na wakaguzi wenu vijana, na kila ukaguzi uwe pia ni somo. Msingoje. Fundi aliyenifundisha mimi kulifungua giaboksi la 404 tulimzika mwaka jana, na mambo aliyoyajua kuhusu ekseli yake ya nyuma, iendeshwayo kwa parafujo badala ya meno ya kawaida, sijampata mwingine wa kuniambia.

Mtaniambia pia kwamba urithi ni kazi ya idara nyingine. Nimeisoma Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya 2006. Kitu cha kale, kwa fasili yake, ni kile kilichoundwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Gari la Karl Benz lilipata hataza 1886, na mwaka 1895 hata reli ilikuwa bado haijaanza kujengwa kutoka Kilindini, kwa hiyo hakuna gari hata moja nchini linaloingia ndani ya fasili hiyo. Waziri anaweza kutangaza vitu vingine vilindwe, lakini mpaka atangaze, gari la miaka 60 kwa idara moja ni jipya mno na kwa idara nyingine ni bovu. Na sisi Mombasa si wageni wa kazi ya kutofautisha kitu cha kale na kitu kibovu. Mji wa Kale ulitangazwa eneo la kuhifadhiwa 1990; mwenye nyumba Kibokoni akitaka kuung'oa mlango wake wa nakshi haambiwi auchome kwa sababu si wa kisasa, huulizwa anataka kuutengeneza vipi, kwa mbao gani, na nani fundi wake. Wazee walisema ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Maswali yaleyale matatu ya mlango yanatosha kwa gari.

Kuhusu bamba la namba nitasema machache. Namba yetu ni ya zamani, herufi tatu na tarakimu tatu, bila herufi ya mwisho iliyokuja na mfululizo wa KAA mwaka 1989. Sipingi bamba jipya lenye alama za usalama, na ninajua linasaidia kuzuia wizi. Naomba tu namba yenyewe isibadilishwe, na mwenye gari lililothibitishwa kuwa la kale aruhusiwe bamba la mtindo wa wakati wake, la rangi nyeusi na herufi nyeupe, mradi liwe limetolewa nanyi na limeandikwa kwenye daftari lenu. Uingereza inaruhusu hivyo kwa magari yaliyoundwa kabla ya 1980.

Tangu 2003 mbio za East African Safari Classic zimekuwa zikiwaleta wageni na magari yao ya kale, na mara kadhaa zimeanzia au kuishia hapa Mombasa. Nimesimama barabarani nikapunga mkono, na nimeona magari ya umri wa langu yakipita na karatasi zake zote zikiwa sawa, maana nchi yalikotoka zina mahali pa kuyaandika. Peugeot iliyovuka feri ya Kilifi kwa miaka zaidi ya ishirini inastahili kuandikwa katika nchi ambayo imeitumikia.

Kwa hiyo naomba, waheshimiwa, mambo haya yaingizwe kwenye kanuni kabla hazijapitishwa: fomu ikubali namba ya chasisi kwa urefu wake halisi, daftari liwe na ukurasa wa historia ya injini na bodi, kuwe na orodha ya mabadiliko ya usalama yanayoruhusiwa bila kuombewa kibali upya, na kuwe na jopo la ukaguzi la Pwani. Niko tayari kulileta gari langu siku yoyote mtakayoitaja, mahali popote mtakapopachagua, boneti ikiwa wazi na mazulia yametolewa. Nitakuja na bloku ya zamani iliyopasuka, ili muone namba zote mbili, pamoja na logibuku ya baba, hati ya Kadhi, risiti, na picha za vizingiti kabla na baada. Mzee wa Majengo amekubali kufuatana nami, na atakuja na bisibisi yake.

Wenu katika kulitumikia taifa,

Mwenye Peugeot 404,
Tudor, Mombasa.